Kurekodi Muziki Nyumbani Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudiwa na waimbaji, wapiga gitaa na vikundi vya kwaya wanaotaka kurekodi nyumbani. Yanaanzia ya msingi na kuishia kwenye mazingira yasiyo ya kawaida. Jibu linapotegemea jingine, tumetaja namba ya swali.

## Kabla hujanunua

1. Nahitaji vifaa gani ili nianze?

Kompyuta yenye programu ya kurekodia, saundi kadi ya USB, maiki moja, waya wa XLR (waya wa maiki wenye pini tatu), stendi, chujio la pumzi na hedifoni zinazoziba masikio. Basi. Spika za monita, kibodi ya MIDI na mapambo mengine yasubiri.

Maiki hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme mdogo sana. Saundi kadi huukuza umeme huo, huugeuza kuwa tarakimu za kompyuta, kisha hukurudishia sauti kwenye hedifoni. Kifaa kimoja kikiwa dhaifu, udhaifu wake ndio utakaosikika kwenye wimbo. Stendi nayo isidharauliwe: maiki ya kushika mkononi husogea kila mstari, ubeti wa kwanza ukatoka mnene na wa pili mwembamba, na hakuna plagini (programu ndogo ya kuongezea ndani ya programu ya kurekodia) ya kulirekebisha hilo vizuri.

2. Mwezi huu nina hela ya kitu kimoja tu. Ninunue nini?

Kama kompyuta unayo, anza na hedifoni nzuri za waya zinazoziba masikio, mfano Sony MDR-7506 au Audio-Technica ATH-M40x. Wengi hukimbilia maiki, lakini asiyesikia kosa hawezi kulirekebisha, na hedifoni hizo utazitumia hata vifaa vingine vyote vikibadilika. Wakati unadunduliza hela ya saundi kadi, rekodi kwa simu (swali la 3) na ushughulikie chumba (swali la 12), kazi inayoweza kufanyika kwa vitu ulivyonavyo ndani.

3. Naweza kurekodi kwa simu tu?

Kwa kutunga na kuhifadhi wazo, ndiyo. Kwa kazi ya kutoa, inawezekana ukizingatia mambo matatu. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo utasikia "ti-ti-tit" ya mtandao kwenye spika na nyaya zilizo karibu, na simu inaweza kuita katikati ya kiitikio. Isimamishe kwenye stendi, usiilaze mezani, kwa sababu meza hurudisha sauti na kuipa rangi ya ndooni. Tatu, tumia programu inayohifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa.

Saundi kadi nyingi za USB hufanya kazi na simu za Android kupitia adapta ya OTG (kiunganishi cha kuchomeka USB kwenye simu), lakini simu haitoi umeme wa kutosha kila mara. Dalili yake ni saundi kadi kuwaka na kuzima, au maiki ya kondensa (swali la 6) kutoa sauti hafifu yenye mchakacho. Dawa ni habu ya USB yenye chaja yake.

4. Laptop yangu ni ya mtumba. Itafaa?

Ikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD, itarekodi sauti bila shida. Ya GB 4 pia inarekodi, ila itakwama ukianza kurundika plagini. Kama bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, kubadili na kuweka SSD ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko yote: mashine huamka haraka, na mvumo wa diski unaoingia kwenye maiki unaisha.

Sikiliza feni kabla hujalipia. Laptop inayovuma kama dalili ya mvua itakulazimu kuiweka mita 2 kutoka kwenye maiki, kwa hiyo utahitaji waya mrefu wa XLR. Huo hauna tatizo. Hata mita 10 ni sawa. Waya wa USB ndio usiorefushwa ovyo.

5. Nitumie programu gani?

Ile ambayo rafiki yako wa karibu anaijua, kwa sababu utamwuliza maswali usiku. REAPER unaijaribu siku 60 bila malipo na leseni yake ya punguzo ni dola 60. Ni nyepesi kwa kompyuta dhaifu. GarageBand huja bure kwa watumiaji wa Mac. Audacity ni ya bure na inatosha kwa kurekodi na kukata, ingawa si rahisi kwa kupanga wimbo mzima.

Kwa FL Studio, inayopendwa sana na watengeneza biti, angalia toleo kabla ya kununua: hakikisha linakurekodia maiki kwenye mpangilio wa wimbo. Programu za kuvunjwa leseni tunazikataa kabisa. Mbali na haki ya aliyezitengeneza, ndizo zinazoleta virusi na miradi isiyofunguka mwaka unaofuata.

## Maiki na saundi kadi

6. Kondensa au dainamiki?

Jiulize kwanza chumba chako kikoje, ndipo uangalie bei. Kondensa kama Audio-Technica AT2020 au Rode NT1 inasikia mengi: pumzi, midomo, nyuzi, na pia jogoo wa jirani na bodaboda inayopandisha gia barabarani. Dainamiki kama Shure SM58, iliyopo sokoni tangu 1966, inapokea zaidi kilicho mbele yake kwa karibu, na yale ya mbali yanabaki madogo.

Kwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vilivyopakana, mfano kule Ngarenaro au Majengo, tunashauri dainamiki kwa sauti ya mtu. Kama una chumba kilichotulia nyuma ya shamba la migomba huko Marangu au Tengeru, kondensa itakulipa.

Tahadhari kwa Shure SM7B, ambayo kila mtu ameiona kwenye video: inahitaji takriban dB 60 za geini safi, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki. Saundi kadi dhaifu ikifikishwa huko hutoa mchakacho wa "shhh", na mnunuzi hudhani ameuziwa maiki mbovu.

7. Nimenunua kondensa ya bei nafuu, boksi moja lenye stendi na chujio. Mbona sauti ni hafifu na ina mchakacho?

Toa waya uliokuja nao na uuangalie. Upande mmoja una XLR ya matundu matatu, wa pili una pini ndogo ya milimita 3.5 kama ya hedifoni. Tatizo ni hiyo pini. Umechomeka kwenye laptop inayotoa volti chache tu, wakati maiki nyingi za aina hii zimeundwa kutumia fantomu (umeme ambao saundi kadi huupeleka kwenye maiki kwa waya uleule wa XLR) ya volti 48, halafu tundu la maiki la laptop lenyewe lina kelele.

Nunua waya wa XLR pande zote mbili, chomeka kwenye saundi kadi yenye swichi ya 48V. Maiki ileile itakushangaza. Wala usitafute adapta ya kuichomeka pini ya 3.5 kwenye tundu lenye fantomu. Hapo unapeleka volti 48 mahali pasipotakiwa.

8. Saundi kadi ya tundu moja, mawili au manne?

Mawili, karibu kila mara. Inakuwezesha kurekodi gitaa na sauti kwa pamoja, au kwaya kwa maiki mbili (swali la 21). Manne na zaidi ni ya anayerekodi ngoma au bendi. Hakikisha tundu moja lina swichi ya INST kwa ajili ya gitaa la umeme. Bila hiyo gitaa hutoka limefifia kana kwamba limefunikwa blanketi. Angalia pia kama ina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja (swali la 16).

9. Fantomu inaweza kuunguza maiki ya dainamiki?

Kwa waya mzima wa XLR, hapana. Volti 48 hupita sawasawa kwenye pini ya 2 na ya 3, na dainamiki haihisi tofauti. Hatari ipo kwa maiki za riboni (zenye utepe mwembamba wa chuma ndani), hasa za zamani, waya ukiwa na shoti. Mazoea mazuri ni haya: shusha geini na sauti ya hedifoni, chomeka maiki, ndipo uwashe 48V, subiri sekunde chache, kisha pandisha geini. Ukichomoa, zima kwanza.

10. Nitajuaje kama maiki ni feki?

SM58 ndiyo inayoigizwa kuliko zote. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 bila waya. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mizani ndogo ya kidijitali. Feki nyingi ni nyepesi waziwazi. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jibu unalo tayari.

Nenda dukani na laptop yako, saundi kadi, waya na hedifoni. Rekodi sekunde 30 za maneno yenye "p" na "s" nyingi, kisha sekunde 10 za kimya, usikilize hapohapo. Ukiwa umekaa kimya, tikisa waya taratibu pale unapoingia kwenye maiki: ikitoa "krk-krk", waya au soketi ni mbovu. Wanaoagiza Kariakoo na kupakiziwa kwenye basi waombe picha ya namba ya kifaa na risiti kabla ya kutuma hela, na wapatane kwa maandishi kuhusu kurudisha.

## Chumba

11. Trei za mayai zinazuia kelele?

Hazizuii. Kinachozuia sauti kupita ni uzito: tofali, zege, mlango mzito usioacha upenyo. Trei ni karatasi nyepesi. Zinatawanya kidogo sauti nyembamba za juu, besi inapita kama hakuna kitu, na ukutani ni kuni zinazosubiri cheche. Usipoteze Jumamosi yako kuzigundisha.

Watu huchanganya mambo mawili: kuzuia kelele za nje zisiingie, na kupunguza mwangwi wa ndani. La kwanza ni kazi ya ujenzi na ni ghali. La pili linawezekana kwa mablanketi, na ndilo linalobadilisha rekodi za nyumbani zaidi ya maiki mpya.

12. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, sakafu ya saruji. Nifanyeje?

Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia "tziing" fupi baada ya kofi, huo ndio mwangwi unaoifanya sauti yako isikike kama ya mtu aliye bafuni. Kazi ni kuuondoa.

Kosa la kawaida ni kuweka godoro nyuma ya maiki. Maiki nyingi za sauti husikia mbele na kufumba nyuma. Mbele ya maiki uko wewe, na nyuma yako upo ukuta unaorudisha sauti moja kwa moja hadi kwenye maiki. Kwa hiyo zito liwe mgongoni mwako. Simamisha godoro au tundika mablanketi mawili mazito ya mtumba, ya aina inayopatikana Memorial pale Moshi, yakiachana na ukuta sentimita 10. Nafasi hiyo ya hewa si mapambo: kitambaa hufyonza vizuri zaidi kikiwa mbali kidogo na ukuta, kwa kuwa ukutani kabisa hewa haitembei. Ongeza zulia chini na blanketi moja upande wa kushoto au kulia. Kabati la nguo lililofunguliwa nyuma ya mwimbaji nalo linafaa sana.

Usisimame katikati kabisa wala kwenye kona. Chumba cha mraba cha futi kumi (takriban mita 3) kina mvumo karibu na Hz 57, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, mvumo huo unajirudia pande zote mbili. Kwenye kona besi inafura. Katikati noti fulani zinamezwa. Jaribu theluthi moja ya chumba kutoka ukutani, kisha rudia kofi lile.

Mapazia mepesi na sponji ya sentimita 2 huua sauti za juu pekee na kuacha chumba kikiwa kizito kama pipa. Unene ndio unaofanya kazi.

13. Bati linapiga kelele, jirani ana mbwa, na barabara iko jirani. Kuna dawa?

Mvua kubwa juu ya bati haina dawa ya programu. Silingi bodi husaidia kidogo tu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, panga siku za akiba, na siku ya mvua fanya kazi zisizotumia maiki: biti, gitaa la kuchomeka moja kwa moja, kusafisha faili.

Bati lina kelele nyingine ambayo watu huishangaa: "tak… tak" asubuhi jua linapolipiga, na tena jua linapozama. Chuma kinatanuka na kusinyaa kwenye misumari. Hudumu muda mfupi, hivyo subiri litulie. Kwa mitaa mingi, kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri ndio muda wa utulivu, kabla ya adhana na jogoo. Ukishindwa kupata usiku, tumia dainamiki kwa karibu (maswali ya 6 na 14) na urekodi kila mstari mara tatu. Bodaboda haitapita mahali palepale mara zote tatu.

## Siku ya kurekodi

14. Nisimame umbali gani kutoka kwenye maiki?

Kwa kondensa, shubiri moja, yaani sentimita 15 hadi 20. Kwa dainamiki, ngumi moja, sentimita 7 hadi 10. Ukisogea karibu zaidi besi huongezeka; ni tabia ya maiki zinazosikia upande mmoja. Ukisogea mbali, chumba kinaingia.

Chujio likae sentimita 5 kutoka kwenye maiki. Kama "p" na "b" bado zinapiga "bufu", usirudi nyuma. Pandisha maiki kidogo juu ya mdomo, usawa wa pua, ikielekea mdomoni kwa mshazari: pumzi itapita chini yake na sauti itafika. Weka kiganja mahali maiki ilipo, tamka "papai", na utahisi upepo unapoishia. Ukiwa na "s" kali, geuza maiki nyuzi 15 hivi pembeni.

15. Geini niiweke wapi?

Imba sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, kwa nguvu utakayotumia kweli, na upandishe geini hadi vilele vifike kati ya -12 na -6 dB. Kisha iache. Msanii akipata moto huongeza sauti, na nafasi hiyo ndiyo inayokuokoa. Taa nyekundu ikiwaka hata mara moja, rudia. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki. Ukirekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha undani wa tarakimu za sauti, si mdundo) huna sababu ya kuikimbiza geini juu, kwa kuwa hata sauti ndogo inabaki safi.

16. Najisikia kwenye hedifoni nikichelewa. Kwa nini?

Sauti inaingia kwenye kompyuta, inasubiri kwenye bafa, yaani foleni fupi ya vipande vya sauti viitwavyo sampuli, ndipo inatoka. Bafa ya sampuli 1024 kwa kHz 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde) ni milisekunde 21 kwa kwenda, na kurudi tena hivyo: unaimba unajisikia kama uko bondeni. Kwa sampuli 128 inashuka hadi milisekunde 2.7 kila upande.

Wakati wa kurekodi weka 128 au 256. Wakati wa kuchanganya wimbo rudisha 1024 ili kompyuta ipumue. Kwa Windows, weka draiva ya ASIO (programu inayounganisha saundi kadi na kompyuta bila kuchelewesha) ya saundi kadi yenyewe; ASIO4ALL iwe ya kusaidia pale tu mtengenezaji hakutoa yake. Laptop ikishindwa bafa ndogo na kuanza kukatakata, washa kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kwenye saundi kadi na uzime sauti ya mkondo (treki) unaorekodi ndani ya programu. Ukiacha zote mbili utasikia sauti yako mara mbili.

17. Hedifoni za Bluetooth?

Kwa kurekodi, hapana. Mara nyingi ucheleweshaji wake unazidi milisekunde 100, na hakuna bafa ya kuupunguza. Kwa kusikiliza wimbo ulioisha, kama atakavyosikia shabiki kwenye daladala, zitumie kwa furaha.

18. kHz 44.1 au 48? Na zitachukua nafasi kiasi gani?

Tumia 48 kama wimbo utakuwa na video, 44.1 kama ni sauti pekee, sikio halitakulaumu. Muhimu ni kuchagua moja mwanzoni na kubaki nayo, na kuchagua biti 24. Mkondo mmoja wa biti 24 kwa kHz 48 ni karibu MB 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 wenye mikondo 20 unafika MB 690. Rekodi zikichezeka kwa kasi au sauti isiyo yake, saundi kadi na mradi viko kwenye namba tofauti.

## Umeme

19. Kuna mngurumo wa "mmmm" kwenye rekodi. Unatoka wapi?

Umeme wetu unatembea kwa Hz 50, na mngurumo huo ni wenyewe. Tafuta kwa kuondoa kitu kimoja kimoja. Kwanza chomoa chaja ya laptop ukiwa unasikiliza. Ukikatika papo hapo, umempata.

Angalia plagi. Soketi zetu zina tundu la juu kwa ajili ya ethi (waya wa ardhini), na kuna mazoea ya kusukuma kalamu kwenye tundu hilo ili plagi ya pini mbili iingie. Kifaa kilichohitaji ethi kikichomekwa hivyo kinavuma, na ukigusa chuma chake unahisi mtetemo mwembamba kwenye vidole. Tafuta waya wa pini tatu wenye ethi, na umwite fundi umeme apime kama ethi ya nyumba ipo kweli, kwani nyumba nyingi soketi inayo ila waya umeishia hewani. Usikate pini ya ethi ili kuua mngurumo. Ethi ndiyo inayokulinda usife ukiwa umeshika gitaa.

Kama vifaa viwili vina ethi kwenye soketi mbili tofauti, vichomeke kwenye ekstensheni moja. Kwa gitaa lenye pikapu za koili moja, geuka polepole ukiwa umekaa. Utapata upande ambao mngurumo unazama. Taa za LED za bei ya chini na swichi za kupunguza mwanga zizimwe.

20. Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Hapa laptop inaishinda kompyuta ya mezani. Ikiwa na betri nzima na saundi kadi inayokula umeme wa USB, umeme ukikatika unaendelea kurekodi, tena bila feni wala friji, na mara nyingine hiyo ndiyo rekodi safi kuliko zote za siku. Weka programu ijihifadhi yenyewe kila dakika 5.

Kinachoua vifaa ni umeme unaporudi kwa kishindo. Zima spika na ampu ukutani, subiri dakika chache baada ya kurudi. Friji gadi husaidia kwa spika kwa sababu huchelewesha. UPS ndogo na inveta zisizotoa wimbi safi la sine huleta mvumo wenye meno. Rekodi kwa betri ya laptop na uache inveta ichaji tu.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

21. Tunataka kurekodi kwaya ya watu 30 kanisani.

Maiki mbili za kondensa zinazofanana, kwenye stendi moja, vichwa vikikaribiana na kuachana kwa nyuzi 90. Stendi iwe mita 2 hadi 3 mbele ya mstari wa kwanza, maiki ziwe juu ya vichwa vyao zikiinama kidogo. Kanisa la zege lenye mwangwi mrefu linakutaka usogee karibu. Lenye mapazia na watu, unaweza kurudi nyuma. Sauti ya kwanza ikizidi, usiguse mitambo: warudishe hatua mbili. Kupanga watu ndiko kuchanganya sauti kwenyewe.

Kinanda kirekodiwe kwa waya moja kwa moja, na spika yake igeuzwe isielekee maiki. Pima geini kwenye mwisho wa wimbo, pale wote wanapofungua vifua.

22. Na nyimbo za Kimaasai za kuitikiana?

Olaranyani, anayeongoza, asimame kama nusu mita kutoka kwenye maiki. Wanaoitikia wajipange nusu duara nyuma yake, mita 1.5 au zaidi. Mivumo ya kooni ina pumzi nzito, kwa hiyo maiki iwe juu ya usawa wa midomo (swali la 14). Wakiruka, sakafu inatikisa stendi. Iweke juu ya mkeka uliokunjwa mara nne na uwashe kichujio cha besi kama kipo. Usiwalazimishe kuvaa hedifoni. Wimbo huu unashikana kwa kusikilizana.

23. Ngoma na gitaa la kavu?

Gitaa: maiki sentimita 20 hadi 30 kutoka pale shingo inapokutana na mwili. Ukielekeza kwenye tundu, besi itafurika. Kwa ngoma, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye ngozi unapata pigo la mkono. Kwa nusu mita hadi mita moja unapata mwili wote wa ngoma. Tumia dainamiki, na geini uishushe kuliko unavyodhani.

Ukitumia maiki mbili na sauti ikawa nyembamba kama ya redio, mawimbi yanafutana. Geuza awamu ya mkondo mmoja kwenye programu, yaani pindua mawimbi yake juu chini. Kama besi inarudi, umepona. Kinga yake: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja na chombo chake.

24. Spika za monita ninunue za inchi ngapi?

Kwa chumba cha swali la 12, inchi 5. Za inchi 8 zitaamsha besi ambayo chumba hakiwezi kuibeba. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, tuita (spika ndogo za sauti za juu) zikiwa usawa wa masikio.

25. Kondensa yangu inatatarika "pa… pata" hasa wakati wa mvua. Imekufa?

Mara nyingi ni unyevu tu. Pumzi ya joto ikikutana na maiki iliyolala kwenye baridi ya Arusha ya Juni na Julai, maji membamba hutanda ndani. Izime, iache saa kadhaa mahali pakavu penye uvuguvugu. Usiipulize kwa draya wala kuianika juani. Baada ya kazi iweke kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kiangazi, vumbi nalo ni adui. Maiki isiachwe wazi kwenye stendi usiku kucha.

26. Nimerekodi nyumbani, nataka kumpelekea prodyuza achanganye. Nimpe nini?

Toa kila mkondo kama faili la WAV la biti 24, yote yakianzia sekunde 0 hata kama sauti inaingia dakika ya pili, ili yakiwekwa pamoja yalingane. Ondoa riverb (mwangwi wa kuongezewa) na kompresa (ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), isipokuwa zile ambazo ni sehemu ya wimbo. Majina yawe wazi: "sauti_kuu", "itikio_kushoto". Andika kasi ya wimbo na kHz uliyotumia, na uongeze mchanganyiko wako wa MP3 ajue ulikusudia nini. Nakala moja ibaki kwenye diski ya nje nyumbani kwa mtu mwingine.